Pikapu ya marehemu baba: tuipige rangi ndipo tuiuze?

"Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba yetu alituachia pikapu ya Land Rover 109 ya mwaka 1967, aliyoinunua mwaka 1986 kwenye mnada wa shirika moja la umma. Ilikaa miaka tisa chini ya mwembe nyumbani Kigamboni. Mwaka jana tuliamua kuifufua: injini ikafanyiwa ovahoo, silinda zote za breki zikabadilishwa, na waya za umeme zikavutwa upya. Fedha zikaishia hapo. Bodi haijaguswa. Rangi ya kijani imepauka, boneti imebaki alumini tupu sehemu kubwa, na mlango wa kushoto una maandishi ya lile shirika yaliyoandikwa kwa brashi, yanasomeka nusu. Viti vimechanika, na chasi ina kutu upande wa nyuma. Kaka zangu wanataka tuipige rangi kwanza. Fundi ametaka shilingi milioni 3.5 kwa kunyoosha na kupuliza. Dalali aliyekuja kuiangalia anasema ni chuma chakavu na anatoa milioni 5. Mtu mwingine aliyeona picha amenipigia simu akasema tusiiguse rangi hata kidogo. Nimsikilize nani? Na je, tumalizie matengenezo au tuiuze hivyo ilivyo?"

Marahaba, dada yangu, na poleni nyote kwa kumpoteza mzee. Naona swali lako limeanza kwenye rangi, lakini uzito wake uko kwingine: mmekwisha kutoa fedha nyingi mifukoni mwenu, mnaogopa kutoa nyingine mahali pasipo na faida, na wakati huohuo mnaogopa kuuza urithi wa baba kwa bei ya kutupa. Nitaanza na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu kwa kirefu, maana najua itakubidi uwasomee kaka zako.

Msiipige rangi. Msimpe dalali kwa bei hiyo. Fedha kidogo mtakayoweza kuipata ipelekeni kwenye chasi. Na kabla ya yote hayo, hakikisheni kwamba yupo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa sababu bila yeye hakuna mmoja wenu mwenye mamlaka ya kuuza hata tairi la akiba la gari hilo.

Nianze na neno la dalali. Mtu anayeiita Land Rover ya mwaka 1967 chuma chakavu ama hajui anachokiangalia, ama anajua vizuri sana na hataki wewe ujue. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu ya redio, uiweke juu ya boneti. Haitashika. Iweke ubavuni, penye sehemu ya mizigo, nako haitashika. Karibu ngozi yote ya gari hilo ni aloi ya alumini na magnesi. Land Rover ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa mgao, ilhali alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Waundaji wake wakatumia walichokuwa nacho, na uamuzi ule wa dhiki ndio ulioyaacha magari haya yakidumu kwenye pwani zenye chumvi kama yetu wakati magari mengi ya umri wake yamekwisha kuliwa.

Hapa ndipo inapobidi kueleza kwa utulivu tofauti ya uzee na ugonjwa, kwa kuwa watu wengi huviona kuwa kitu kimoja. Chuma kinapokutana na maji na hewa hutoa kutu, na kutu ile huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huvimba, huisukuma rangi, huipasua, hufungua njia ya maji mengine kuingia, na kazi huendelea hadi pabaki tundu. Chumvi ya bahari huharakisha jambo hilo, kwa sababu huvuta unyevu na kuyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kuoza kwa chuma ni jambo la umeme. Alumini ina tabia nyingine. Nayo huungana na hewa, lakini kinachozaliwa ni utando mwembamba mgumu unaoshikamana na uso wake na kuufunika, na utando huo ndio unaoilinda isiendelee kuliwa. Ule weupe uliofifia mnaouona kwenye boneti, mahali rangi ilipoisha kwa kuegemewa na mikono ya madereva miaka hamsini na zaidi, ni alumini iliyojivika kinga yake yenyewe.

Rangi nayo ina habari yake. Ukipitisha kidole juu ya paa utabaki na unga wa kijani. Ni kwamba miale ya jua ya urujuanimno imevunja gundi iliyokuwa inazishika chembe za rangi, na chembe zenyewe zimeachwa huru juu juu. Chini ya unga huo, mara nyingi, rangi bado imeshika. Mchanganyiko huo wote, yaani rangi iliyopauka kwa jua, alumini iliyojitokeza pale ilipoguswa sana, mikwaruzo ya mizigo na maandishi ya mkono yaliyofifia, ndio ambao wapenzi wa magari ya kale huuita patina. Wanaulipia kwa sababu hakuna fundi anayeweza kuutengeneza. Wapo wanaojaribu kwa chumvi na siki, lakini mnunuzi mzoefu hugundua mara moja, kwani uzee wa kughushi hukaa mahali ambapo mkono wa mtu haufiki na jua halipigi.

Mtu aliyekupigia simu ana sababu nyingine ambayo huenda hakuisema. Rangi ya zamani ni ushahidi. Mtu akiitazama bodi yenu sasa anaona kila kitu: wapi iligongwa, wapi ilinyooshwa, wapi haijawahi kuguswa. Mkiipuliza rangi mpya mnaufunga ushahidi huo, na mnunuzi makini ataanza kujiuliza kuna nini chini yake, puti (ule udongo wa kujazia mabonde ya bodi) kiasi gani, na kwa nini mmepaka wiki mbili kabla ya kuuza. Atabisha bodi kwa kifundo cha kidole, atasikia sauti butu, na atashusha bei kuliko ambavyo angeishusha kwa sababu ya mkwaruzo. Hili nimeliona mara nyingi, na wauzaji waliokuwa waaminifu kabisa waliumia kwa mashaka waliyoyazusha wao wenyewe.

Nina jambo moja la binafsi. Nilipokuwa kijana, kwenye gereji moja maeneo ya Gerezani, nilikabidhiwa mlango wa lori dogo la zamani na msasa namba 80 na ndoo ya maji, nikaambiwa nikwangue mpaka ung'ae. Mlango ule ulikuwa na jina la duka, limeandikwa kwa mkono na mchoraji aliyejua kazi yake: herufi nyeupe zenye kivuli chekundu upande mmoja. Nilikwangua kama robo saa. Maji yalishuka kwenye kiwiko changu yakiwa meupe, kisha ya waridi, na jina likawa limekwisha. Jioni mwenye gari alikuja na mama yake mzee, mjane wa mwenye duka lile. Mama alizunguka hadi upande wa ule mlango, akaupapasa kwa kiganja mahali palipokuwa na jina, kisha akarudi garini bila kusema kitu. Tangu siku hiyo sijawahi kugusa maandishi ya mlangoni bila kumuuliza mwenye gari mara mbili, na ndiyo maana nakuuliza na wewe: hayo maandishi ya shirika mnayataka yabaki? Kwa mnunuzi wa aina ninayoifikiria, mlango huo wa kushoto unaweza kuwa kitu cha thamani kuliko vyote kwenye bodi nzima, kwa sababu unaeleza gari lilifanya kazi gani na nchi ilikuwa katika zama gani.

Hata hivyo msiamini maneno yangu wala ya huyo wa simu kabla ya kuhakikisha kwamba rangi hiyo kweli ni ya kiwandani. Ondoeni matakia ya viti mwangalie kisanduku cha chuma na alumini kilicho chini yake. Angalieni ndani ya milango, nyuma ya dashibodi, na chini ya kibao cha namba. Kama kijani ni kilekile kila mahali, na hakuna rangi nyingine inayochungulia kwenye mikwaruzo ya kina, basi mna kitu adimu. Kama chini ya kijani kuna bluu au kijivu, na kijani kimepita juu ya mipira ya vioo na vichwa vya skurubu, basi gari liliwahi kupakwa, labda kabla ya ule mnada, na hoja ya uasilia inapungua nguvu ingawa haifi. Vilevile angalieni taa kubwa za mbele. Kwa gari la mwaka 1967 zinapaswa kuwa katikati, kwenye wavu wa mbele, kwa sababu zilihamia kwenye mbawa za pembeni mwishoni mwa miaka ya 1960. Zikiwa pembeni, ama mwaka si huo, ama sehemu ya mbele ilibadilishwa, na yote mawili mnunuzi atayaona kabla hajazima injini ya gari alilokuja nalo.

Sasa niwatendee haki kaka zako, kwa kuwa hawakusema upuuzi. Katika jiji hili watu wengi wanaotafuta pikapu wanataka iliyong'aa, na mtu anayetaka ya kubebea saruji na mabati hatalipa hata senti kwa ajili ya historia ya mlango. Soko la patina kwetu ni dogo. Wanunuzi wake ni wapenzi wa Land Rover wenyewe, wenye hoteli na kambi za watalii wanaotaka gari lenye sura ya safari za zamani, na watu wa nje wachache. Wapo, na tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024 lilionesha jinsi mapenzi ya gari hili yalivyo makubwa nchini. Lakini hawapiti Kigamboni kila Jumamosi, na mnaweza kusubiri miezi kadhaa kumpata mmoja. Kama mna shida ya haraka, kama kuna ada ya shule au matibabu yanayosubiri fedha hiyo, semeni wazi kikaoni, kwa sababu ushauri wangu unategemea uwezo wenu wa kungoja.

Lakini hata kwa hesabu ya mnunuzi wa saruji, rangi ya milioni 3.5 ina faida pale tu inapoongeza bei kwa zaidi ya milioni 3.5. Kwa gari ambalo chasi yake ina kutu na viti vimechanika, sioni inavyowezekana. Mnunuzi atasifia rangi, kisha atalala chini na tochi, atainuka akiwa na vumbi mgongoni, na mazungumzo yataanza upya kutoka chini. Rangi ingekuwa na maana kama ile ya sasa si ya asili na imejaa viraka vya rangi tofauti, au kama mngekusudia kubaki na gari. Ongezeni na hili: fundi atakayenyoosha bodi ya alumini kwa mazoea ya bodi za chuma anaweza kuiharibu, kwani alumini ni laini, hutanuka ikigongwa sana na haichomelewi kwa mashine ileile ya kawaida. Na vile vipande vya kijivu kwenye kingo za sehemu ya mizigo ni chuma kilichozamishwa katika zinki; mashine ya kusaga ikipita hapo, zinki inaondoka na kutu inaanza mahali ambapo haijawahi kuwapo.

Kumalizia matengenezo yote ni njia ya tatu, na kwa anayeuza siishauri. Anayetengeneza gari la kale hadi mwisho kwa kawaida hutumia fedha nyingi kuliko anazozipata akiliuza. Wanaofanya hivyo hufanya kwa mapenzi. Pia mnunuzi mwenye mapenzi hayo mara nyingi anataka kumalizia mwenyewe, kwa rangi ya viti anayoitaka yeye na fundi anayemwamini yeye. Viti viacheni. Kama vile vilivyochanika ndivyo vya awali, msivitupe, hata povu likiwa linaning'inia.

Tufike kwenye chasi, ambako ndiko ugonjwa halisi ulipo. Ngozi ya gari lenu ni alumini lakini mifupa yake ni chuma: mihimili miwili mirefu yenye uwazi ndani, imeungwa kwa mihimili ya kukingama. Maji na tope huingia ndani ya uwazi huo, yakatulia, na chuma kikaliwa kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo mhimili unaweza kuonekana mzima huku unene wake umebaki kama wa kopo. Mhimili wa mwisho kabisa nyuma, ule unaobeba ndoano ya kuvutia, huwa wa kwanza kuoza, kisha mabawa madogo yanayoshikilia bodi pembeni na sehemu zinazoshika springi. Piga gari jeki, liweke juu ya stendi imara, kisha gonga chasi nzima kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, ukisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya bubu, na wakati mwingine nyundo huzama. Miaka tisa chini ya mwembe inanitia wasiwasi mwingine: majani huingia kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, yakaoza humo, na unyevu wake ukala ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva, hasa pale miguu inapokaa. Inueni mikeka mwangalie. Angalieni pia sehemu za chini za milango, ambako ngozi ya alumini imekunjwa juu ya fremu ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yake na alumini ndiyo inayoliwa; utaona malengelenge na unga mweupe. Huo si uzee wa kupendeza, na mnunuzi aambiwe.

Kazi hii ya chasi msiifanye kwa picha za simu. Mtafuteni fundi mchomeleaji aliyewahi kubadilisha mihimili ya Land Rover, si anayechomelea mageti, alipeleke gari kwenye shimo na awaoneshe kwa mkono wake palipooza. Kama ni mhimili wa nyuma peke yake, ubadilishwe, kwa sababu gari lenye mifupa mizima na ngozi kuukuu linauzika vizuri. Kama ugonjwa umefika kwenye sehemu za springi na mihimili mirefu, msianze kuweka kiraka juu ya kiraka. Acheni kama ilivyo, mseme ukweli, na bei ibebe hilo. Tangi la petroli la pikapu hizi liko chini ya kiti, kwa hiyo litolewe nje kabisa, na betri ifunguliwe, kabla cheche ya kwanza haijaruka. Na msimruhusu mtu apulize oili chafu chini ya gari kuficha kutu. Najua ni desturi, lakini oili hiyo hulegeza mipira ya springi, huchafua ardhi ya uwanja wenu, na humfanya mnunuzi aamini kuna kitu kinafichwa.

Kuna sehemu moja ya chasi inayohitaji uangalifu kuliko zote: mbele, upande wa kulia, penye kishikio cha springi. Hapo ndipo namba ya chasi ilipogongwa. Isafisheni kwa mafuta ya taa na brashi laini ya nailoni, polepole, mpaka tarakimu zisomeke, kisha mpake grisi nyepesi. Fundi akipitisha hapo brashi ya waya ya mashine, tarakimu zinaweza kufutika katika sekunde chache, na gari lisilosomeka namba ya chasi ni gari ambalo hakuna mnunuzi mwenye akili atakayelinunua kwa bei ya maana.

Kwa bodi, fanyeni kidogo sana. Maji mengi, sabuni laini, kitambaa cha pamba. Toeni kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe kwa kuuloweka, si kwa kukwangua. Kompaundi ya kung'arisha msiitumie kabisa karibu na maandishi ya mlango, kwa kuwa hula tabaka la juu, na kwenye mlango huo tabaka la juu ndiyo maandishi yenyewe. Kwingineko nta ya kawaida ya magari inatosha: hufunga vinyweleo, hurudisha kina kidogo cha kijani, na mwenye gari ajaye anaweza kuiondoa. Vanishi ya kupuliza juu ya patina inapendwa na wengine, ila ikishanasa unyevu wa Dar es Salaam chini yake hugeuka ya maziwa, na kuiondoa ni kuondoka na rangi.

Kisha andikeni. Matengenezo ya nusu humtisha mnunuzi pale tu asipojua nusu ipi imefanyika. Tafuteni stakabadhi za vipuri vya injini na breki, jina la kazi iliyofanyika na mwezi wake, picha za injini ikiwa wazi kama zipo, na vipuri vya zamani vilivyotolewa, hata vibovu, viwekeni kwenye sanduku. Kwenye karatasi ya pili andikeni yale ambayo hayajafanyika na kasoro zote mnazozijua. Mwelezeni pia jinsi gari linavyoendeshwa: katika modeli hii gia ya kwanza na ya pili hazina kilinganishi, yaani kile kifaa kinachosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwa hiyo kushusha gia kunataka kukanyaga klachi mara mbili, na mnunuzi asiyejua atasikia mkwaruzo akadhani giaboksi imekufa. Breki zake ni za ngoma magurudumu yote na mfumo wake ni wa njia moja, maana yake uvujaji wa gurudumu moja unaweza kuziua zote. Mafundi wenu wazikague upya kabla mtu hajalijaribu barabarani, hata kama silinda ni mpya.

Kuhusu bei sitakutajia tarakimu nisiyoweza kuitetea bila kuliona gari. Ninachokuambia ni namna ya kuipata. Mlipeni fundi wa Land Rover asiye na nia ya kulinunua wala kulitengeneza, akague na kuandika. Fanyeni hivyo kwa watu wawili wasiojuana. Ulizeni bei ambazo pikapu za aina hiyo ziliuzwa kweli, kwa kuwa bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji. Halafu ulizeni vipuri: injini iliyofanyiwa ovahoo, giaboksi, ekseli mbili, milango, boneti, kila kimoja kingeuzwa kiasi gani peke yake. Jumla hiyo ndiyo sakafu yenu, na naamini ndiyo aliyoipiga dalali kichwani kabla hajataja milioni 5. Simwambii mtu auze baba yake vipande vipande, ila ijueni hesabu hiyo mkiwa mezani. Tangazeni kwa picha za mchana, pasipo maji juu ya bodi, pamoja na picha za kutu. Anayepiga simu baada ya kuona kutu amekwisha kuikubali.

Wanunuzi wa nje watajitokeza, hasa kwa sababu baadhi ya nchi hulegeza masharti kwa magari ya kale. Marekani, kwa mfano, gari lililotimiza miaka 25 haliwajibiki kutimiza viwango vyao vya usalama vya magari mapya. Wengine ni wa kweli. Mwingine atataka kulipa zaidi ya bei kisha mrudishe ziada kwa wakala wake, au awaombe ada ya usafirishaji kwanza. Huyo ni mwizi, kateni simu. Wa kweli hutuma mtu kukagua, hulipa benki, na hukubali usafirishaji ushughulikiwe na wakala wa forodha mwenye leseni.

Sasa lile nililosema ni la kwanza. Tazama jina lililo kwenye kadi ya gari. Magari mengi yaliyonunuliwa minadani miaka ya 1980 hayakuwahi kuhamishwa umiliki, na inawezekana kadi bado ina jina la shirika. Ikiwa ni hivyo, itabidi mtafute hati ya ule mnada na stakabadhi ya malipo katika makaratasi ya mzee, na mwende TRA, Mamlaka ya Mapato, kuuliza rekodi yao inasemaje kabla hamjatangaza chochote. Kama ni jina la baba, kikao cha ukoo kipendekeze msimamizi, muhtasari uandikwe, na maombi yapelekwe pamoja na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo, au mahakama ya juu yake kutegemea sheria inayohusu mirathi yenu. Mkutane na wakili kwa hili, hasa kama kuna mrithi asiyekubaliana na wengine. Linganisheni pia namba ya injini iliyopo na ile iliyo kwenye kadi, kwa sababu Land Rover nyingi zilibadilishwa injini, na tofauti hiyo hukwamisha uhamisho dirishani. Angalieni kama kuna faini za barabarani zinazodaiwa kwa namba ya gari. Ada ya leseni ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, hivyo mtu asiwatishe kwamba deni lake linaendelea kukua hadi leo. Kama lipo la nyuma yake, TRA ndiyo itakayowajibu.

Mauziano yenyewe yafanyike kwa mkataba mbele ya wakili, ukiambatanishwa na ile karatasi ya kasoro, ukisainiwa na msimamizi wa mirathi na mnunuzi mwenye kitambulisho cha NIDA na namba ya mlipakodi. Kadi halisi na funguo zitoke mikononi mwenu baada ya benki kuthibitisha fedha, na uhamisho wa umiliki, pamoja na ushuru wa stempu, uanze siku hiyohiyo, kwa sababu mpaka utakapokamilika, faini na ajali za gari hilo zitaendelea kulitafuta jina la mzee wenu.

Gari lisilale tena chini ya mwembe. Funika kwa turubai lililoinuliwa kwa fito ili hewa ipite, kwani turubai lililolala juu ya bodi hushika unyevu, na uweke vipande vya mbao chini ya magurudumu. Ule mlango wa kushoto upige picha leo, jua la asubuhi likiwa linaujia kwa ubavu: herufi zilizofifia huonekana vizuri zaidi kwa mwanga wa namna hiyo, na huenda mkaweza kusoma hata zile mnazodhani zimekwisha kupotea.